Upande wa Kushoto wa Mlango

Mjini Kasongo, ukigonga mlango wa mtu ukausikia unaitika kwa sauti nzito, wala hautikisiki, jua umetoka mkononi mwa fundi Iliasi. Ndiye aliyetengeneza milango ya maduka ya sokoni, ya misikiti miwili, ya shule ya masista, na hata ule wa mahabusu, ambao wengi waliopita hapo hawakuwa na moyo wa kuusifu. Lakini jikoni kwake mwenyewe ulining'inia mkeka. Miaka thelathini na mmoja mkewe Rachida alipika nyuma ya mkeka ule. Kila mwaka alimkumbusha, na kila mwaka Iliasi akajibu kwamba siku atakapopata mbao nzuri ataanza. Mganga hajigangi. Rachida alifariki kwa homa katika msimu wa mvua, miaka minane iliyopita, na mkeka ukabaki palepale.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu kama mbao alizokuwa akizianika, mwenye kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono na maneno machache. Vitu viwili hakuvisamehe: kiungo kilichoachia na mtu aliyechelewa. Na hapo ndipo tatizo lake na Mounira lilipoanzia.

Mounira ni bintiye, mtoto wake wa pekee, aliyeolewa Kabambare. Mama yake alipofariki, habari zilimfikia jioni ileile, naye akaondoka alfajiri. Lakini mto Luama ulikuwa umejaa, barabara imekatika mahali patatu, na Waislamu hawamweki maiti wao akingoja. Alifika siku ya tatu, tope limempanda hadi kiunoni. Baba yake alimtazama akishuka kwenye pikipiki, akasema, "Umechelewa," akarudi kwenye randa yake. Basi. Tangu siku hiyo kila Idi Mounira alikuja na mchele na kuku, na kila Idi Iliasi alimpokea kwa heshima ileile aliyompa mteja. Tuseme wazi: ilikuwa dhuluma. Iliasi mwenyewe alijua kwamba mtu haamrishi mto. Lakini uchungu wake ulikuwa umetafuta pa kukaa, na ulipopapata haukutaka kuhama.

Mwaka huu aliitwa Lusangi kufunga milango ya shule. Wakati wa kurudi, pikipiki iliteleza kwenye tope jekundu, wakaanguka yeye na dereva polepole, karibu kwa adabu. Iliasi hakuchubuka hata goti. Ila sanduku lake la zana, lililokuwa limefungwa nyuma, liliruka likamgonga kichwani upande wa kulia. Alikaa kando ya njia akicheka. Alimwambia dereva kwamba miaka arubaini amelibeba sanduku lile, leo nalo limetaka kumbeba yeye. Alifika nyumbani, akanawa, akasali, wala hakumwambia mtu.

Wiki tatu zikapita. Kisha kichwa kikaanza kumuuma asubuhi, uchungu mzito wa chinichini. Akawa anajifunga kitambaa. Baadaye ukaja usingizi. Ulimjia katikati ya kazi, mtamu, na Iliasi ambaye hajawahi kulala mchana tangu atahiriwe akawa anajilaza juu ya maranda, yale makombo laini ya mbao yanayotoka kwenye randa, yanayonuka kama msitu baada ya mvua.

Siku moja baada ya sala ya adhuhuri alifumbua macho akamkuta Rachida.

Mvua ilikuwa imekatika sasa hivi. Mvuke ulipanda kutoka barabarani, na baiskeli zilipita ndani yake bila sauti, kana kwamba zinaelea. Rachida alikuwa amekaa upande wa kulia, juu ya gogo la mvule, na ungo wa mchele mapajani. Alikuwa akichagua mawe. Miguu yake ilikuwa imelowa, kama mtu aliyetembea kando ya mto kutoka Nyangwe, kwao alikozaliwa. Iliasi hakuogopa. Alichofikiri ni kwamba kanga ile alikuwa ameisahau kabisa, yenye maua ya manjano, na sasa ndiyo hiyo.

"Mulango yangu iko wapi?" akauliza Rachida.

Iliasi akamjibu kwamba ataanza kesho. Na safari hii, tofauti na miaka thelathini na mmoja iliyotangulia, kesho yake alianza. Alichukua mbao tatu za mvule alizokuwa amezificha kwa ajili ya mteja mkubwa, akaziunganisha kwa mbao mbili za kukingama, akaanza kupiga randa.

Siku zile zilikuwa na utamu ambao hakuwahi kuujua hata alipokuwa kijana. Saa hazikuwa na mipaka. Adhana ya alasiri ilimkuta akidhani bado ni asubuhi. Rachida alikuja kila siku, kila mara upande wa kulia, akakaa kwenye gogo lake. Wakati mwingine walizungumza habari za watu waliokufa zamani, ambao kwake yeye hawakuonekana kufa sana. Wakati mwingine alinyamaza, na sauti ya mawe madogo yakidondoka ikawa inalingana na sauti ya randa. Hakukuwa na upande wa kushoto katika dunia ile. Iliasi hakuona kwamba umepotea. Mtu hatafuti kitu asichokumbuka kuwa nacho.

Majirani ndio waliokuwa wakiona mengine. Ndara ya mguu wa kushoto ilimtoka njiani, naye akaendelea kutembea mguu mtupu hadi msikitini. Akipewa wali, alikula nusu ya sahani, ile ya kulia, kisha akalalamika kwamba siku hizi wanamnyima chakula. Wakageuza sahani, akala nusu iliyobaki akashukuru kwa kuongezewa. Watu walicheka, na yeye akacheka nao bila kujua kicheko ni cha nini.

Kaka yake Abedi hakucheka. Abedi aliuza vitambaa sokoni na ndiye mkubwa wa ukoo, mtu wa moyo mzuri na wa haraka. Alipomsikia mdogo wake akizungumza na Rachida mchana kweupe, alijua mara moja kilichotokea: marehemu anadai haki yake. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu asomewe hitima ya mwisho. Basi akachinjwa mbuzi, wakaitwa wasomaji, Kurani ikasomwa tangu asubuhi, wali ukapikwa kwa masufuria matatu. Ilikuwa hitima nzuri, yenye sauti nzuri, na hakuna anayesema haikufaa kusomwa. Lakini Iliasi alilala tangu mwanzo hadi mwisho, na alipoamshwa kuitikia dua mkono wake wa kushoto haukuinuka. Abedi alisema ni usingizi. Akampa dereva wa pikipiki maneno ya kupeleka Kabambare: Mounira aje, mama yake anamwita baba yake.

Mounira alifika siku mbili baadaye. Barabara ilikuwa kavu. Aliingia, akavua viatu, akamkuta baba yake amelala kwenye kitanda cha kamba, upande wake wa kulia umeegemea ukuta. Akakaa pale palipokuwa na nafasi, kushoto. Akamshika mkono, akamsalimu. Baba yake hakugeuka.

Abedi akainama karibu ya sikio lake. "Iliasi, mutoto yako iko hapa. Mounira iko hapa."

"Mounira?" akasema Iliasi kwa sauti ya mbali, macho yake yakitazama ukuta. "Ule anachelewaka."

Mounira alisikia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba, mwenye watoto watano na shamba la mpunga, na maneno yale mawili yalimrudisha kwenye tope la siku ile, kiunoni. Lakini hakuondoka. Alikoroga uji, akamlisha kwa kijiko. Alimfuta midomo. Siku nzima alikaa kwenye kigoda kile cha kushoto, na siku ya pili, na ya tatu, na baba yake hakumpa hata jicho moja. Alitazama kulia, akatabasamu kulia, akazungumza kulia, ukutani. Mounira aliamini kwamba anamkataa. Aliamini kwamba mzee ameamua kufa bila kumwangalia, na kwamba hiyo ndiyo adhabu yake ya mwisho. Usimlaumu. Katika ukoo ule watu waliwahi kunyamaziana miaka kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Na Iliasi? Iliasi alikuwa mbali, na alikuwa na furaha. Uji ulimjia mdomoni, akadhani ni mkono wa Rachida. Jambo moja tu lilimsumbua kidogo. Tangu siku fulani, hakukumbuka ipi, Rachida alikuwa ameacha kumtazama yeye. Alikuwa akitazama nyuma ya bega lake, huko ambako hakukuwa na kitu, na akitabasamu kwa namna aliyoijua sana bila kukumbuka aliijulia wapi. Alimwuliza anaangalia nini. Rachida akatikisa ungo, mchele ukaruka ukatua.

Siku ya sita Mounira alikwenda karakana kutafuta blanketi. Mlango ulikuwa umelazwa juu ya meza ya kazi, na jua la asubuhi limeanguka juu yake. Alisimama.

Nusu ya kulia ilikuwa imepigwa randa mpaka ikang'aa, laini kama shavu la mtoto, pembe zimekatwa kwa ule unadhifu ambao mji mzima uliujua. Katikati ulipita mstari, kana kwamba mtu amechora. Kutoka hapo kwenda kushoto, mbao ilikuwa bado na meno ya msumeno, na gome limebaki pembeni. Na juu ya mlango, bawaba na misumari vimewekwa tayari, na penseli imeandika siku na jina la mwenye mlango, Rachida, jinsi Iliasi alivyoandika kila alipomaliza kazi.

Mounira alipitisha kiganja juu yake, kwenda na kurudi. Alimjua baba yake. Baba yake aliweza kumkataa mtoto wake miaka minane, lakini kukataa mbao hakuweza. Mtu yule angeamka katikati ya swaumu kwenda kurekebisha kiungo kimoja kilichoachia unene wa ukucha. Na sahani, na ndara, na mkono usioinuka, vyote vikamjia kwa pamoja, vyote vya kushoto. Alikaa chini kwenye maranda, akalia kwa nguvu, na ilikuwa nusu uchungu na nusu faraja. Kisha akainuka akaenda kwa Abedi.

"Baba mukubwa," akasema, "haiko hasira. Na haiko mama anamwita. Iko ugonjwa ndani ya kichwa. Tumupeleke kwa dokta leo hii."

Abedi alisema hitima haina hata wiki mbili, wangoje baraka ishuke. Mounira akamjibu kwa heshima kwamba baraka imeshashuka, nayo ndiyo iliyomwonyesha mlango. Abedi akaenda kuwaita majirani. Alikuwa mtu wa haraka hata katika kukubali kosa, na hilo lazima tumhesabie.

Mzee hakuweza tena kukaa kwenye pikipiki. Wakamlaza juu ya mlango wenyewe, wakatandika blanketi, majirani wanne wakaubeba mabegani. Walipita sokoni. Na watu wa Kasongo, walipoona wanaume wanne na mbao ndefu na mtu juu yake aliyefunikwa shuka, na Abedi mbele akiwa na tasbihi, walifanya wanachofanya siku zote. Wenye maduka walisimama. Wanaume walivua kofia na wengine wakatia bega chini ya mlango kwa hatua chache, kwa ajili ya thawabu. "Inna lillahi," ikasikika kutoka duka hadi duka. Mama mmoja muuza mawese akaanza kulia akitaja wema wa fundi Iliasi, mlango aliomtengenezea na jinsi ulivyomlinda.

Iliasi akafumbua jicho. Aliuliza ni nani aliyekufa. Walipomwambia hakuna, akasema basi watu wapunguze kelele, akalala tena. Yule mama alibaki na mkono hewani, na kwa siku nyingi baadaye alidai kurudishiwa machozi yake.

Hospitalini walipokewa na daktari Grégoire, mtoto wa wakulima wa Kabambare, mwanaume mfupi wa sauti ya chini. Alimulika macho ya mzee, akamwambia akaze vidole. Mkono wa kulia ulikaza, wa kushoto ulilala. Aliuliza kama ameanguka karibuni. Abedi na Mounira wakasema hapana. Kutoka kitandani Iliasi akasema, kama mtu anayesimulia habari za jirani, kwamba sanduku lilimgonga siku ile ya Lusangi. Wakageuka wote kumtazama. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwa Iliasi kifo kilikuwa kimeshashika kitasa.

Kisha daktari akauona mlango, uliokuwa umeegemezwa ukutani. Alisogea akauangalia muda mrefu kuliko alivyomwangalia mgonjwa. Alisema mashine ya kuona ndani ya kichwa iko mbali, safari ya ndege, na mzee hataifikia. Lakini mlango huu umeshamwambia upande.

Akawaeleza kwa lugha nyepesi. Fuvu ni sanduku gumu, halitanuki. Sanduku la zana lilipomgonga, mshipa mdogo ulichanika kati ya fuvu na ubongo, damu ikavuja kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, ikageuka maji meusi. Sasa maji yale yanausukuma ubongo upande wa kulia, na ubongo wa kulia ndio unaotunza upande wa kushoto wa mtu. Abedi aliuliza kama ni lazima kukata kichwa. Daktari akasema kuna wagonjwa, wale ubongo wao wenyewe umevimba kwa ajali kubwa au kwa kiharusi, ambao huondolewa pande zima la mfupa ili ubongo upate pa kuvimbia. Mfupa ule pengine huwekwa chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe, ukahifadhiwa hapo mpaka uvimbe upungue, kisha ukarudishwa. Mzee hahitaji hayo. Yeye ni matundu mawili madogo, maji yatoke. Akiachwa, usingizi wake utazidi kuwa mtamu, na siku moja hautakatika.

Iliasi alikuwa amesikia yote. Kwake ilikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua: unaulegeza, huupigi teke. Alielewa. Lakini alielewa na jambo jingine, akawaambia hataki.

Mounira akapiga magoti upande ule wa kushoto, akamwuliza kwa nini. Sauti ilimfikia, mtu hakumwona. Iliasi akajibu juu, kwa dari, kwamba maji yale yakitoka, Rachida naye hatakuja tena. Miaka minane amelala peke yake. Sasa amempata. Na deni lake ameshalilipa, mlango umekwisha, waende wakaufunge jikoni na wamwache.

Abedi alitoka nje akajifanya anakohoa. Ni daktari aliyeagiza mlango usogezwe hadi kando ya kitanda. Akaomba mkono wa kulia wa mzee, akauweka juu ya mbao, pale palipong'aa. Iliasi alitabasamu. Vidole vyake vilitembea kwa raha, vikijua kila nyuzi. Daktari akaushika mkono uleule kwa upole akauvusha mstari wa katikati, kwenda kushoto.

Vidole vikasimama. Vikagusa meno ya msumeno. Vikagusa gome.

"Nani alifanya hii kazi?" akauliza Iliasi.

"Ni wewe, baba," akasema Mounira.

Aibu ilimpanda Iliasi usoni, aibu kubwa kuliko hofu, naye hakuwa mtu wa kuona aibu kazini tangu alipokuwa mwanafunzi. Alirudisha vidole kwenye gome mara ya pili, mara ya tatu. Alimfikiria Rachida, aliyengoja miaka thelathini na mmoja nyuma ya mkeka, na nusu ya mlango.

"Siwezi kumupa mulango kama huu," akasema. "Dokta, toboa."

Ilikuwa asubuhi, mwanga mweupe umejaa dirishani. Walimnyoa upande wa kulia, wakamchoma sindano ya ganzi kichwani, akabaki macho. Muuguzi Sidonie alimshika mkono. Kisha Iliasi akasikia sauti, na ilikuwa sauti aliyoijua kuliko sauti yoyote duniani baada ya ile ya mkewe: keke ya mkono ikizungushwa, taratibu, ikila kitu kigumu. Alisikiliza kama mwalimu. Mbao hubadilisha sauti unapokaribia kutokea upande wa pili, inakuwa nyembamba, na fundi mjinga hapo ndipo anapoipasua. Sauti ikawa nyembamba.

"Polepole sasa," akasema Iliasi. "Iko karibu."

Mkono wa daktari ulikuwa umeshapunguza kasi, lakini alimshukuru.

Rachida alikuwa pale. Alikuwa amekaa upande wa kulia kama kawaida, ingawa hapo alipokaa palikuwa na meza ya vyombo. Ungo ulikuwa mtupu, mchele wote umeshachaguliwa. Kitu kilipasuliwa huko juu, bila maumivu, na Iliasi akasikia maji yakitoka, vuguvugu, nyuma ya sikio. Muuguzi alisema ni meusi kama oili ya pikipiki iliyochoka. Wakatoboa tundu la pili, wakasafisha kwa maji ya chumvi yaliyopashwa, yakaingia huku yakatoka kule, mara nyingi, mpaka yakatoka meupe. Kwa kila mmiminiko mwanga wa chumba uliongezeka, na kanga ya maua ya manjano ikazidi kufifia, kama nguo inayoanikwa juani miaka mingi kwa dakika moja.

Iliasi alitaka kumwambia jambo, mambo mengi. Rachida alisimama, akatia ungo kwapani. Bado alikuwa akitazama nyuma ya bega lake la kushoto.

"Unaangalia nini?" akamwuliza.

"Geuka," akasema Rachida.

Hakuweza kugeuka, kichwa kilikuwa kimeshikwa. Akasikia mkeka ukiinuliwa na kuangushwa, ile sauti kavu aliyoisikia kila asubuhi ya ndoa yake, kisha ukimya.

Mrija mdogo uliachwa kichwani, ukining'inia hadi kwenye kifuko chini ya kitanda, na akaamriwa alale chali siku mbili. Alilala. Haukuwa tena ule usingizi wa asali. Ulikuwa usingizi wa mtu aliyechoka, hauna kitu ndani. Alipoamka siku ya pili alitazama kulia, akangoja. Palikuwa na ukuta wenye rangi ya bluu iliyobanduka. Alingoja sana. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, na hakuyafuta, kwa sababu yalikuwa haki yake.

Halafu nzi alitua kwenye mkono wake wa kushoto, na Iliasi akamsikia.

Akageuza kichwa, polepole, kwa ajili ya mrija. Na upande ule ukafunguka. Kulikuwa na dirisha. Kulikuwa na mwembe nje na nguo za wagonjwa zimeanikwa, na nusu nzima ya mchana aliyokuwa hajaiona sijui tangu lini. Na karibu yake, juu ya kigoda, alikuwa amekaa mwanamke amesinzia, bakuli la uji mapajani, miguu mitupu yenye vumbi. Katika usingizi alikuwa amekunja kinywa chake kwa namna aliyoijua sana. Ni kinywa cha Rachida.

Alimtazama mpaka naye akaamka.

"Umefika lini?" akauliza Iliasi.

Mounira aliweka bakuli chini kabla halijamponyoka. "Siku tisa, baba."

"Siku tisa, ulikuwa wapi?"

"Hapa. Kwenye kigoda."

Iliasi alihesabu kimya, uji, mkono, sauti isiyo na mtu. "Mama yako alikuwa anakuangalia," akasema. "Ni wewe alikuwa anaangalia. Mimi nilifikiri hakuna kitu."

Miezi miwili baadaye makovu mawili madogo yalikuwa yamepona chini ya kofia, na mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu ya kushika mbao, ingawa si ya kuisukuma. Randa ilihitaji watu wawili. Mounira alikwenda Kabambare kuvuna mpunga akarudi, akashika ncha ya pili, na baba yake akamgombeza kwa kila mkwaruzo kama anavyogombezwa mwanafunzi, jambo lililomfurahisha Mounira kuliko sifa. Walipiga randa upande wa kushoto siku nne. Kisha wakang'oa mkeka, wakasimamisha miimo, wakafunga bawaba.

Abedi alitaka isomwe dua kwanza, ikasomwa. Lakini ilipofika zamu ya kupita, Iliasi akamwita bintiye. Mounira akasita, mkeka wa mama yake umekunjwa mkononi. Alisema haifai, wa kwanza kupita ilipaswa awe mama.

"Mama yako alipita kwa mukeka, na mimi ndiye nilichelewa," akasema Iliasi. "Huu mulango iko wako. Ingia, mutoto yangu. Wewe haukuchelewa."

Mounira akaingia, akaurudisha mlango nyuma yake. Ulifunga bila sauti, kama milango yote ya fundi Iliasi. Iliasi alimsikia bintiye akilia ndani. Hakumwita, wala hakusukuma. Alisimama nje, kiganja amekiweka upande wa kushoto wa mlango, akangoja mpaka alipomaliza.